Kutafuta matangi yaliyofukiwa kwa vipimo vya jiofizikia: shajara ya mradi

Kiwanja kina mita 40 kwa 30. Zamani kilikuwa kituo cha mafuta. Sasa nusu yake ni lami na nusu ni moramu iliyoshindiliwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Kabla ya kujenga upya lazima ijulikane yako matangi mangapi chini, yamelala wapi, na ndani yake mna nini. Shajara inaongezwa kila hatua inapofungwa, ili mwenye kazi ya aina hii aifuate au aepuke yaliyokwamisha. Gharama zimeandikwa kwa muda na nguvukazi, maana bei ya kukodi vifaa hubadilika mno.

6 Mei. Nyaraka na uso wa ardhi

Mchoro wa zamani wa kituo unaonyesha tangi moja la chuma la lita 10,000, bila kusema liko umbali gani kutoka wapi. Tangi la ujazo huo mara nyingi huwa na kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 3.2 hivi. Namba hizo mbili ndizo rula ya kazi nzima. Kila kitakachojitokeza kwenye vipimo kitaulizwa kwanza kama kina umbo na ukubwa huo, ndipo nguvu ya ishara yake itazamwe. Mfuniko wa chemba ulio usoni unaweza kutoa ishara kali kuliko tangi zima lililo mita moja chini, na muda mwingi hupotea kwa kukimbilia namba kubwa.

Kwenye ukuta wa mashariki yamebaki mabomba mawili ya kupumulia, yaani ya kutolea mvuke wa tangi. Kwa kawaida kila tangi huwa na bomba lake, kwa hiyo mabomba mawili dhidi ya tangi moja la mchoroni yanatosha kufanya kazi ipangwe kwa matangi mawili mpaka ithibitike vinginevyo. Karibu na msingi wa pampu za zamani kuna kiraka cha lami chenye kingo zilizonyooka, na upande wa kaskazini moramu imetitia kidogo. Vyote viliingizwa kwenye ramani kabla ya kifaa chochote kuwashwa, kwa sababu ukishaona picha ya vipimo ni rahisi kuulazimisha uso wa ardhi ukubaliane nayo.

9 Mei. Kigunduzi cha chuma cha mapigo

Kifaa ni cha aina ya EM61, chenye koili ya mita 1 kwa 0.5 juu ya magurudumu. Kinatuma pigo la umeme kwenye koili, pigo linakatwa ghafla, kisha kinasikiliza mkondo unaozunguka ndani ya chuma ukififia. Mkondo wa kwenye udongo hufa upesi kuliko wa kwenye chuma, ndiyo maana mfinyanzi ambao baadaye utaisumbua rada hapa hausumbui sana.

Gridi ya kwanza iliwekwa mistari kila mita 2 ili kuokoa muda. Haikufaa. Koili ya upana wa mita 1 kwenye mistari ya mita 2 inaacha nusu ya kiwanja bila kupitiwa, na tangi lenye upana wa mita 2 laweza kuguswa na mstari mmoja tu. Chemba nayo huguswa na mstari mmoja. Kwenye ramani viwili hivyo vikafanana, na rula ya ukubwa ikakosa cha kupima. Gridi ilirudiwa kwa mistari ya kila mita 1, kipimo kila sentimita 20, na marudio hayo yalikula karibu siku nzima ya watu wawili. Kwa tangi la ukubwa huu mita 1 ndiyo nafasi ya juu kabisa. Kwa tangi dogo la nyumbani shuka hadi nusu mita.

Ramani ya gridi ya pili nayo ilitoka na kingo zilizochongoka kama meno ya msumeno. Sababu ni kuchelewa: kati ya koili kuhisi na kifaa kuandika kulikuwa na sekunde 0.3 hivi. Anayetembea mita 1 kwa sekunde anasogeza kila kipimo sentimita 30 mbele, na kwa kuwa mistari ilitembewa kwenda na kurudi, mistari jirani iliachana kwa sentimita 60. Dawa yake: laza nondo moja chini kukatisha mstari wa majaribio, pita juu yake kwenda na kurudi kwa mwendo uleule wa kazi, kisha rekebisha muda kwenye programu mpaka vilele viwili vikae mahali pamoja. Jaribio hilo ni la dakika chache, na lifanywe kila asubuhi, maana mwendo wa mtu hubadilika.

Baada ya marekebisho usuli wa kiwanja ulitulia kwenye milivolti 3 juu au chini ya sifuri, na anomali mbili, yaani sehemu zenye ishara isiyo ya kawaida, zikabaki zenye ukubwa wa kujadiliwa:

A, chini ya kiraka cha lami: mita 4 kwa 6, zaidi ya milivolti 2,000.
B, upande wa kaskazini palipotitia: mita 2.5 kwa 4, kilele karibu milivolti 600.

Ishara ya kifaa hiki husambaa kidogo nje ya kingo za kitu chenyewe, kwa hiyo B inaingia vizuri kwenye rula ya mita 2 kwa 3.2. A ni pana mno kwa tangi moja. Zaidi ya hapo, kifaa husoma kwa madirisha manne ya muda, la kwanza mikrosekunde 216 baada ya pigo na la mwisho 1266, na ishara ya A ilififia haraka kuliko ya B kati ya dirisha la kwanza na la mwisho. Chuma kikubwa chenye ukuta mzima mara nyingi hushikilia mkondo muda mrefu kuliko nondo nyembamba zilizofungwa kwa waya. Huo si ushahidi wa kutosha, ila ulitosha kuiandika A kama jamvi la zege lenye nondo.

14 Mei. Magnetomita

Lengo lilikuwa kupata ushahidi wa pili juu ya B kwa kifaa kinachotumia kanuni nyingine: magnetomita hupima nguvu ya uga sumaku. Chuma hupotosha uga sumaku wa dunia, ambao kulingana na mahali huwa kati ya nanotesla 25,000 na 65,000, na tangi la chuma lililo karibu na uso huweza kuupotosha kwa mamia hadi maelfu ya nanotesla.

Kwa kihisi kimoja kazi haikwenda. Uzio wa senyenge ulimeza ukanda mzima wa kaskazini, na lori lililopita barabarani lilionekana wazi kwenye data. Kihisi cha pili kiliongezwa, viwili vikapangwa wima kwa umbali wa mita 1, na kinachosomwa kikawa tofauti kati yao. Mabadiliko ya uga ya mchana kutwa hugusa vihisi vyote sawasawa, kwa hiyo yanajifuta. Na kwa kitu kilicho mbali faida ni kubwa zaidi: ukiongeza umbali mara mbili, upotoshaji wa uga hupungua takriban mara 8, lakini tofauti kati ya vihisi hupungua takriban mara 16. Hata hivyo mita 5 za kwanza kutoka kwenye uzio zilibaki hazifai, na kwenye ramani zimefunikwa rangi ya kijivu kuonyesha kwamba hazikupimwa. Kuziacha nyeupe kungemfanya msomaji adhani pako salama.

Jambo la kuangalia katika kusoma ramani: kilele si lazima kiwe juu ya tangi. Karibu na ikweta, ambako uga wa dunia umelala, kipimo cha uga mzima juu ya kitu cha chuma hushuka, na sehemu za juu hukaa kaskazini na kusini yake. Karibu na ncha za dunia huwa kinyume. Mwongozo uliozoeleka wa "chimba kwenye kilele" umeandikwa na watu wa latitudo za juu, na ukifuatwa penye uga uliolala utampeleka mchimbaji pembeni ya tangi. Tangi lenyewe pia huweza kuwa na usumaku wake wa kudumu uliotokana na kutengenezwa, nao huzungusha umbo zima. Kwa hiyo magnetomita ilitumika kujibu swali moja tu: je, B ina chuma kingi? Jibu ni ndiyo. Kingo zake ziliachiwa vifaa vingine.

Mpimaji asiwe na chuma mwilini: viatu vyenye ncha ya chuma, mkanda wenye bizimu, funguo na simu vyote huonekana kwenye data.

17 Mei. Rada ya kupenya ardhi: jaribio lililozama

Rada hutuma wimbi la redio ardhini na kupima muda ambao mwangwi wake unachukua kurudi. Mvua ilinyesha usiku. Antena ya megahezi 400 ilipitishwa juu ya B kwa mistari ya kila nusu mita, muda wa kusikiliza mwangwi nanosekunde 60. Chini ya nusu mita hakikuonekana kitu. Mfinyanzi uliolowa hupitisha umeme, na wimbi la rada likiingia kwenye kitu kinachopitisha umeme hugeuka joto badala ya kurudi. Kuongeza nguvu ya ukuzaji kwenye skrini hakukusaidia. Kulikuza mikwaruzo pamoja na kilichokuwepo. Antena ya megahezi 250 ilishuka mpaka karibu sentimita 80, bado haikufika.

Uamuzi ukawa kusimama na kusubiri moramu ikauke. Gharama: wiki moja ya kalenda na kifaa kurudishwa kilikokodiwa. Yeyote anayepanga kazi hii kwenye mfinyanzi aweke rada baada ya siku kadhaa za jua, na kwenye mkataba wa kukodi aache nafasi ya kuahirisha.

24 Mei. Rada juu ya B, na kosa la kina linalojificha

Ardhi imekauka, antena ya 250, mistari ya kukatisha na ya kufuata urefu. Kwenye mistari ya kukatisha ulitokea upinde mpana, kwenye mistari ya urefu ukatokea mstari tambarare wa mita 3 na ushee unaokatika ghafla pande zote mbili. Chini yake hakuna tabaka lolote la udongo linaloonekana, ila mwangwi wa ishara ileile ukijirudia kwa vipindi sawa. Chuma hurudisha wimbi lote, hakiachi lipite, na mwangwi huo unaojirudia ni dalili nzuri kwamba kilichopigwa ni ukuta wa chuma.

Kina kilileta ubishi. Programu hukadiria kasi ya wimbi kwa kulinganisha upinde ulioonekana na upinde wa kinadharia, na kasi ndiyo inayogeuza nanosekunde kuwa mita. Juu ya B ishara ilifika kwa nanosekunde 20 kwenye kilele, na kwa 25.5 mita moja pembeni. Programu ikatoa kasi ya mita 0.126 kwa nanosekunde, yaani paa la tangi liko mita 1.26 chini. Kasi hiyo ni kubwa mno kwa mfinyanzi wenye unyevu, na hapo ndipo pa kushtuka.

Hesabu ya programu inachukulia kwamba kilichopigwa ni kitu chembamba, mfano bomba dogo. Tangi lina nusu kipenyo cha mita 1. Wimbi linalotoka pembeni halisafiri mpaka katikati ya tangi. Linagonga ubavu wake ulio karibu zaidi, hivyo upinde unalala zaidi kuliko wa bomba, na upinde uliolala husomwa kama kasi kubwa. Hesabu sahihi ni hii: chukua kina cha paa na uongeze nusu kipenyo, tafuta umbali wa mshazari kutoka kwenye antena hadi katikati ya tangi, toa nusu kipenyo, zidisha kwa mbili na ugawe kwa kasi.

Kasi ilitafutwa kwingine. Bomba dogo la maji linalopita moramuni lilifukuliwa kwa mkono, likakutwa kwenye sentimita 45, na rada ililiona kwa nanosekunde 10. Mara mbili ya 0.45 gawanya kwa 10 ni mita 0.09 kwa nanosekunde. Kwa kasi hiyo paa la B liko sentimita 90 chini, na hesabu ya mshazari kwa mita moja pembeni inarudisha nanosekunde 25.5 bila kulazimishwa. Tofauti ya sentimita 36 si ndogo: anayeamini 1.26 atashusha ndoo ya kijiko kwa nguvu mpaka mita moja, na atalitoboa tangi.

28 Mei. Bomba la pili, na kilicho chini ya A

B imepata bomba lake la kupumulia. La pili lilifuatwa kwa kitafuta mabomba, kitumaji na kipokezi, kwa kilohezi 33. Kitumaji kilibanwa kwa kibanio cha nje kinachozunguka bomba. Kuunganisha waya moja kwa moja kwenye bomba la mafuta hakuruhusiwi hapa: mvuke wa petroli huweza kulipuka ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa, na cheche ya kuunganisha inatosha. Kitambua gesi kiliwekwa mdomoni mwa bomba kabla ya kazi, na sharti ni kuondoka kikifika asilimia 10 ya kiwango hicho cha kulipuka.

Ishara ilikatika mita moja na nusu kutoka ukutani. Bomba la chuma linaloonekana juu linaunganishwa chini na bomba la fibaglasi, ambalo halibebi mkondo. Habari hiyo yenyewe ina thamani: bomba la fibaglasi huweza kuashiria tangi la fibaglasi, ambalo kigunduzi cha chuma na magnetomita haviwezi kuliona. Mistari ya rada ikakatisha njia ya bomba kila mita moja, pinde ndogo zikaunganishwa, na mstari ukaelekea moja kwa moja chini ya A.

Jamvi hilo lililowekwa kando kwa sababu ni pana mno kuwa tangi ndilo lililokuwa paa la zege la kulilinda tangi lisibebe uzito wa magari, na pia la kulikandamiza ili maji ya chini yasiliinue. Rula ilikuwa sahihi kwamba A si tangi. Haikusema kwamba chini yake hakuna.

Antena ya 400 ilishindwa kupita. Nondo zimepangwa kila sentimita 20, na ndani ya zege urefu wa wimbi wa megahezi 400 ni kama sentimita 27, kwa hiyo wavu unalirudisha. Kwa megahezi 900 wimbi ni sentimita 12 na linapenya katikati ya nondo. Antena hiyo kwa kawaida haifiki mbali, lakini matangi ya fibaglasi huzungushiwa kokoto ndogo za mviringo, na kokoto kavu hupitisha rada vizuri hata pale udongo wa asili ni mfinyanzi. Mistari ilipitishwa katikati ya nondo, si juu yake, baada ya kuziweka alama kwa chaki.

Kwa nanosekunde 13.6 ikaonekana ishara yenye mwelekeo uliogeuzwa ukilinganisha na wa nondo, yaani penye kilele pana bonde. Chuma hakigeuzi hivyo. Wimbi linalotoka kwenye kokoto na kuingia hewani hugeuza. Zege sentimita 20 kwa kasi ya 0.11, kisha kokoto sentimita 70 kwa 0.14, jumla ni nanosekunde hizohizo: paa liko sentimita 90. Nanosekunde 12 baadaye ikaja ishara kali yenye mwelekeo wa kawaida. Hewani wimbi husafiri mita 0.3 kwa nanosekunde, kwa hiyo kuna mita 1.8 za hewa. Tangi la kipenyo cha mita 2 lina basi sentimita 20 za kimiminika chini, na ukali wa ishara unaelekeza kwenye maji. Petroli hurudisha wimbi kwa udhaifu zaidi.

3 Juni. Kufukua kuthibitisha

Juu ya B palichimbwa kwa mashine ya kufyonza udongo, shimo la sentimita 30. Paa la chuma lilikutwa kwenye sentimita 92. Kwenye A jamvi halikutobolewa. Lami ilikatwa kwenye ukingo wake, chini zikatoka kokoto za mviringo, na bega la tangi likaguswa kwa ufito wa mbao. Mfuniko wa bomba la kujazia ulikutwa umefunikwa na lami, ukafunguliwa baada ya kupima gesi. Ufito wa kupimia uliopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji ulitoka na rangi iliyobadilika mpaka sentimita 21, na juu yake utando mwembamba wa mafuta.

Kingo za matangi yote mawili zimewekwa vigingi, na viwianishi (namba za mahali pake kwenye ramani) vimekabidhiwa pamoja na ramani ya maeneo yasiyopimwa. Visima vya kuchukulia sampuli za udongo havitachimbwa ndani ya mita 1.5 kutoka kwenye vigingi hivyo. Bado mabomba ya kupeleka mafuta kutoka B hadi msingi wa pampu; yatafuatwa tangi likishamwagwa na kusafishwa mvuke, na ukanda wa kijivu kando ya uzio utapitiwa kwa rada ukikauka.